Mwaka wa kata: barua ya wazi kwa wanaopanga safari ya daktari kijana

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – TAMISEMI,
Msajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika,
Wakuu wa vyuo vikuu vya tiba nchini.

YAH: OMBI LA KUUFIKISHA UTARAJALI KWENYE KITUO CHA AFYA

Waheshimiwa, shikamooni.

Naanza na ombi lenyewe, maana barua ndefu zikifika ofisini husomwa mwanzo na mwisho, katikati pakaachiwa msaidizi.

Naomba miezi mitatu ya utarajali, yaani mwaka wa mafunzo kazini wa daktari aliyetoka chuo, ifanyike katika kituo cha afya cha kata au hospitali ya wilaya iliyo mbali na makao makuu ya mkoa, chini ya msimamizi aliyepewa kazi hiyo kwa barua na kulipwa kwa ajili yake. Naomba pia kwamba daktari atakayekubali kwa hiari kukaa huko mwaka mzima baada ya kupata usajili kamili, mwaka wake uhesabiwe anapoomba nafasi na ufadhili wa kusoma ubingwa. Ni hayo mawili. Yanayofuata ni sababu zake, na baadhi ya sababu hizo hazitawafurahisha wote.

Kwa utaratibu tulionao, kijana anasoma udaktari miaka mitano, anapewa usajili wa muda, kisha anaingia utarajali wa miezi 12. Muda mwingi wa mwaka huo unakwenda kwenye idara nne kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Wengi wetu tumeufanya katika hospitali ya taifa, ya kanda, ya rufaa ya mkoa, au hospitali kubwa za mashirika ya dini. Sina ugomvi na hospitali hizo. Huko ndiko mikono inakozoea kazi, ndiko unakosimama nyuma ya bingwa kwenye raundi ukajifunza kunyamaza mpaka uulizwe, na ndiko unakojifunza kwamba kifafa cha mimba hakisubiri zamu ibadilike.

Shida ni kwamba mgonjwa unayekutana naye pale ameshapita mikononi mwa watu ambao wewe hutawaona kamwe. Anafika na karatasi ya rufaa ya mistari miwili, hati mbaya, saa ya kutoka haikuandikwa. Kesho yake kwenye ripoti ya asubuhi mtu atasema, na wengine watacheka kidogo: "Hawa wa huko chini wanatuletea wagonjwa wameshaharibika." Kauli hiyo nimeisikia hospitali zaidi ya moja, kutoka kwa madaktari wazuri, na niliwahi kuona mtarajali wa wiki ya pili akiirudia kama vile ameizaa yeye.

Naomba niwaeleze jinsi mistari ile miwili inavyoandikwa.

Kituo cha afya nilikofanya kazi kwa mkataba baada ya utarajali, wakati nasubiri ajira kama wenzangu, kipo kwenye kata moja ya upande wa magharibi. Usiku tunakuwa watu wawili: mkunga na tabibu, au mkunga na mimi. Usiku mmoja mama wa uzao wa tano alijifungua salama, kondo likatoka, na dakika chache baadaye damu ikaanza kuja bila kukata. Oksitosini ilikuwepo, tukampa. Mkunga akawa anamkanda tumbo la uzazi, mimi natafuta mshipa wa pili wa kuweka dripu, na taa ya sola imeshaanza kufifia kwa sababu mvua ilinyesha mchana kutwa. Tukapiga 115. Namba ile ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, inapokelewa, tena haraka, na aliyepokea alijua kazi yake. Ila gari la wagonjwa la halmashauri lilikuwa limeshampeleka mgonjwa mwingine, kwa hiyo akaanza kutafuta dereva wa ngazi ya jamii aliye karibu na sisi. Dereva alipatikana. Alikuwa anatoka kijiji cha pili, barabara ya udongo, mvua hiyohiyo.

Gari lilipopiga honi nje, karatasi ya rufaa ilikuwa bado tupu. Mkunga aliandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umekandamiza tumbo la mgonjwa. Mistari miwili. Saa ya kutoka hakuiandika, kwani hakuwa na mkono wa tatu wa kutazamia saa. Mama alifika hospitali, akaongezwa damu, akapona. Bila shaka asubuhi yake kuna mtu aliyeinua karatasi ile mbele ya wenzake akauliza nani ameandika kitu kama hiki.

Waheshimiwa, taifa limefanya kazi kubwa kwenye eneo hili. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Vituo vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji, m-mama imesambaa nchi nzima. Idadi ile haikushushwa na hospitali kubwa peke yake. Imeshushwa na watu wa zamu za wawiliwawili, na daktari anayeandaliwa leo kuwaongoza watu hao kesho, akiwa Mganga Mkuu wa Wilaya, anaweza kufika kwenye kiti hicho bila kuwahi kulala usiku mmoja mahali wanapofanyia kazi.

Nasema mwaka wa kata unaunda daktari. Kuna jambo lingine lililonipata huko ambalo ni dogo na halina damu ndani yake, nalo ndilo lililobadili nilichokuja kusomea.

Kila mwezi tulikuwa tunajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, na kupeleka taarifa wilayani. Mtu anayefanya kazi hospitali kubwa huviona vitabu hivyo kama adhabu ya wauguzi. Kwenye kituo hakuna wa kumsukumia, kwa hiyo nilivijaza. Baada ya muda nikaona kijiji kimoja kati ya vile tunavyovihudumia kina watoto wengi waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya surua na rubela lakini hawakurudi kwa ya pili. Wenzangu walikuwa na maelezo tayari: wazazi wa pale ni wafugaji, hawaelewi, wanahamahama. Maelezo ya aina hiyo hayakosekani.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji kile, mama mmoja mwenye baiskeli ya mume wake na daftari la shule lililojaa majina, ndiye aliyenipa jibu tukiwa njiani kwenda kwenye kliniki ya mkoba, ile tunayoifuata kijijini. Siku yetu ya mkoba pale ilikuwa siku ya mnada wa kata ya jirani. Wanawake wanauza maziwa na kuku mnadani, na hela ya wiki inatoka huko. Hakuna aliyekataa chanjo. Walikuwa wanakwenda kazini. Tulisogeza mkoba siku moja mbele. Ilihitaji barua kwa mtendaji wa kijiji na kupanga upya matumizi ya pikipiki na boksi la baridi, basi. Watoto wakaletwa, na wengine wakaja na wadogo zao ambao hawakuwa na kadi kabisa.

Nilipotoka chuo nilitaka upasuaji wa mifupa. Nautamani hata leo nikiona wenzangu wanavyonyoosha paja lililovunjika. Lakini baada ya ule mnada nikawa nauliza maswali ambayo chumba cha upasuaji hakina majibu yake, na sasa nasoma afya ya mtoto. Sisemi kila daktari abadilike hivyo. Aliyekwenda kata na akarudi kusoma upasuaji wa mifupa atakuwa bado amejua kwa nini yule kijana wa bodaboda alifika siku ya nne mguu umeshavimba akiwa amefungwa vijiti na mganga wa mifupa wa kienyeji, na atamwuliza vizuri zaidi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wapenzi wa utumishi wa vijijini hawalisemi.

Mwaka ule ule unaweza kumharibu mtu. Nina wenzangu wawili tuliomaliza chuo pamoja. Wa kwanza alikwenda kituo ambacho mganga mfawidhi alikuwa daktari msaidizi wa zamani, wale waliobeba upasuaji wa uzazi wilayani tangu miaka ya 1960 na sasa wanastaafu mmoja mmoja. Mzee yule alikuwa na kawaida ya kumwacha kijana ashike kisu, yeye akasimama upande wa pili wa meza akiwa amevaa glovu tayari, haongei. Mwenzangu aliondoka pale akiwa na mikono ambayo hospitali ya rufaa ingemchukua miaka kumpa, na hadi leo yupo wilayani kwa kupenda kwake. Wa pili alikwenda halmashauri ambayo siitaji. Alifika hakuna nyumba, akapewa kona ya stoo ya vyandarua. Hapakuwa na wa kumwuliza. Mtoto alikufa kwa malaria kali mikononi mwake, damu haikuwepo, na baba wa mtoto alirudi na ndugu zake. Hakuna mtu wa wilayani aliyekuja kuzungumza naye, ila alikuja mtu wa kumwuliza kwa nini taarifa ya mwezi imechelewa. Leo anauza vifaa tiba mjini, anapata vizuri, na ukimtajia kijiji anabadilisha mazungumzo. Tulikuwa na alama zinazolingana tukiwa chuo, na kama kuna kitu, yeye ndiye aliyekuwa na moyo zaidi.

Kwa hiyo nikisikia mkubwa anasema jukwaani kwamba vijana wapelekwe vijijini kwa lazima wakajifunze uzalendo, naogopa. Kilichowatofautisha wenzangu wale hakikuwa uzalendo. Mmoja alikuwa na mtu wa kumwuliza.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshapita njia hii, na hawana sababu ya kutuficha. Afrika Kusini ilianzisha mwaka wa lazima wa huduma kwa jamii kwa madaktari mwaka 1998, ukifanyika baada ya utarajali na kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi kwa kujitegemea. Baadaye ukaingiza madaktari wa meno, wafamasia, na hatimaye wauguzi mwaka 2008. Wanaopita mwaka huo wanalipwa mshahara wa mfanyakazi, si posho ya mwanafunzi. Tafiti zilizowafuatilia kwa miaka mingi zimeonyesha wengi wanaona wamekomaa kitaaluma na wamekuwa na faida kwa watu, na zimeonyesha pia kwamba aliyesimamiwa vizuri ndiye anayefikiria kubaki. Malalamiko yanayojirudia kule ni yaleyale ya mwenzangu wa stoo ya vyandarua: usimamizi hafifu na malazi mabovu.

Mexico wana utaratibu huo tangu 1936, enzi za Rais Lázaro Cárdenas, na mwasisi wake alikuwa daktari, Gustavo Baz. Vijana wao huenda vijijini kabla ya kukabidhiwa shahada. Ni utaratibu mkongwe wenye heshima yake, na umefikisha daktari mahali ambapo hakuwahi kufika. Lakini mwaka 2022 vijana hao waliingia barabarani baada ya mwenzao kuuawa akiwa kazini katika jimbo la Durango. Walichodai ni usalama na malipo ya maana. Miaka zaidi ya 80 ya utaratibu haikutosha kuhakikisha mlango wa kliniki unafungika.

Thailand nao waliwataka madaktari wapya watumikie serikali miaka mitatu, na anayevunja mkataba analipa faini. Wengi walilipa wakaenda zao hospitali binafsi. Baadaye wakajenga njia ya pili, ya kuwachukua vijana kutoka mikoa yenyewe, kuwafundishia hospitali za mikoa hiyo, na kuwarudisha nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2010 na yale yaliyohuishwa 2021, linasema jambo linalofanana: wachukueni wanafunzi waliokulia vijijini, wafundishieni huko, na mkiweka utumishi wa lazima uambatane na msaada na motisha.

Na tusijifanye hatuna historia yetu. Mwaka 1966 serikali ilipotaka wahitimu waingie JKT kwa lazima, mpango ulikuwa miezi mitano kambini, kisha miezi 18 ya kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana hadi Ikulu mwezi Oktoba. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza mamia yao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wazee wetu wamebishana miaka yote hii nani alikuwa sahihi siku ile. Mimi nachukua kimoja tu: kijana akiombwa ajitoe, hutazama kwanza anayemwomba ametoa nini. Mgogoro wa madaktari wa 2012 nao ulianza na watarajali wa Muhimbili wakidai posho zilizochelewa. Posho ya mtarajali ikichelewa akiwa Dar es Salaam, anakopa kwa shangazi. Ikichelewa akiwa kata asiyomjua mtu, atakopa kwa mwenye duka la dawa, na nyote mnajua deni hilo hulipwaje.

Najua mtauliza nani atawasimamia huko, na swali ni la haki. Vituo vingi vya afya havina hata daktari mmoja mwenye shahada, achilia mbali bingwa. Nisingependa kuona kituo chochote kinapewa watarajali kwa sababu tu kina jengo jipya na bango la mradi. Baraza likague kama linavyokagua hospitali za utarajali sasa, na lianze na vichache: kituo chenye upasuaji unaofanyika kweli, chenye damu inayopatikana, na chenye mtu. Mtu huyo si lazima awe bingwa. Kwa kumshonea mama, kumfufua mtoto aliyezaliwa hajalia, na kujua lini usijaribu, walimu wangu bora wa mwaka ule walikuwa mkunga na tabibu, wote wawili wadogo kwangu kwa vyeti. Utaratibu wetu hauna namna ya kuwatambua watu hao kama wakufunzi. Wapeni barua na posho ya ukufunzi, na sahihi zao zitambulike kwenye kitabu cha kumbukumbu cha mtarajali. Baadhi ya madaktari wenzangu watanuna mkunga akiwasainia. Wanune.

Bingwa naye anaweza kushikwa kwa njia nyingine. Tangu 2024 kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zimekuwa zikizunguka halmashauri zote 184. Wanakaa siku chache, wanaona wagonjwa wengi, wanafundisha kidogo, wanaondoka. Gharama kubwa, yaani ya kumfikisha bingwa wilayani, imeshalipwa. Itagharimu nini bingwa huyo akiondoka ameacha namba yake kwa mtarajali mmoja, na wizara ikahesabu simu zile kama kazi, zikaingia kwenye tathmini yake ya mwaka? Nilipokuwa kituoni nilikuwa na namba ya daktari mmoja wa watoto aliyenifundisha. Alipokea saa nane usiku bila kuhoji, kwa hisani tu. Huduma ya mtoto mgonjwa wa kata haifai kutegemea nani alikuwa mwanafunzi kipenzi wa nani.

Jambo la ikama nalisema kwa herufi nzito kama ningeweza. Mtarajali asihesabiwe kwenye ikama ya kituo, yaani idadi ya watumishi kinaostahili kuwa nao. Nchi hii ina madaktari waliomaliza utarajali, wana usajili kamili, wako nyumbani wanafungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira kila asubuhi, huku vituo vikiwa na upungufu. Ikiwa miezi mitatu ninayoiomba itageuzwa kuwa njia rahisi ya kuziba mapengo kwa vijana wa posho, wakazungushwa kundi baada ya kundi ili nafasi za kudumu zisitangazwe, basi heri barua hii isisomwe. Tutakuwa tumewakosea watu watatu kwa mpigo: mtarajali asiyefundishwa, daktari asiyeajiriwa, na mgonjwa anayeona sura mpya kila baada ya miezi mitatu, akieleza shinikizo lake la damu upya kila mara.

Kwa wakuu wa vyuo sina mengi. Mafunzo ya uwandani mliyonayo ni mazuri kwenye makaratasi, ila mwanafunzi anayekwenda wilayani wiki chache na dodoso mkononi, akalala gesti ya mjini na kurudi na ripoti yenye majedwali, ameitembelea jamii kama mgeni wa harusi. Anaondoka kabla vyombo havijaoshwa. Wapelekeni mara mbili mahali palepale, mwaka wa pili na mwaka wa tano, wakutane tena na watu walewale.

Kwa TAMISEMI ombi ni la vitu vinavyoshikika. Chumba chenye kitasa, maji, na umeme wa kuchaji simu. Mlinzi usiku. Nauli ya kufika, itolewe kabla ya safari na si kwa kudai risiti baadaye. Mtu mmoja kwenye timu ya afya ya halmashauri mwenye jukumu la kumpigia mtarajali simu kila wiki, na kwenda mwenyewe pale mgonjwa anapofariki katika mazingira magumu. Kwa bajeti ya halmashauri hayo ni madogo kuliko kongamano moja.

Na Wizara: Januari 2024 mlizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukiwa na lengo la kufikia wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, nayo itasukuma wagonjwa wengi zaidi waanzie zahanati na kituo cha afya. Mipango yote miwili inadhani yupo daktari anayejua mhudumu wa jamii anafanya nini na mpaka wake uko wapi. Daktari huyo hatumtengenezi. Mtarajali wa leo anaweza kumaliza miezi 12 akiwa ameongea na wahudumu wa jamii mara moja tu, nao wamekuja kusindikiza mgonjwa, wamesimama getini wanazuiwa na mlinzi kwa sababu si saa ya kuona wagonjwa.

Kuhusu mwaka wa hiari, nitasema waziwazi kwa nini wenzangu hawaendi. Wanaogopa kusahaulika. Aliyebaki karibu na hospitali ya kufundishia anajulikana na maprofesa, anapata wa kumwandikia barua, anasikia matangazo ya ufadhili mapema. Aliye kata anasikia dirisha la maombi likiwa limeshafungwa. Mfadhili akimtazama mwombaji wa ubingwa, mwaka wa kituo cha afya usomeke kama sifa yenye alama zake, zilizotangazwa mapema na zinazojulikana na kila mtu. Msipofanya hivyo mtaendelea kupata mabingwa waliochaguliwa kwa ukaribu wao na mji, kisha mtashangaa kwa nini wakimaliza hawataki kutoka mjini.

Sitarajii yote yaanze nchi nzima kwa mkupuo mmoja. Mikoa miwili inatosha kuanzia, mmoja wenye chuo cha tiba na mmoja usio nacho, na kundi moja la watarajali lifuatiliwe hadi miaka mitano baada ya usajili: wako wapi, wanafanya nini, nani amebaki, nani ameacha udaktari. Takwimu hizo za kwetu wenyewe zichapishwe hata kama zitatuaibisha.

Ombi la mwisho ni la utaratibu. Kabla ya waraka wowote kuandikwa, waiteni Dodoma waganga wafawidhi kumi wa vituo vya afya vya mbali, na wakunga wao kumi, mkae nao siku mbili bila hotuba za ufunguzi. Nauli na posho ya kujikimu watumiwe wiki moja kabla hawajaondoka, na vituo vyao vipelekewe watu wa kushika zamu kwa siku hizo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Daktari, aliyekuwa mtarajali, sasa mwanafunzi wa ubingwa wa watoto